Peleti Zisiposhuka, Usianze na Mota

Jiko la peleti lina namna moja ya kugoma inayowachanganya wenye nyumba kuliko zote. Tangi limejaa, taa za mbele zinawaka, feni inavuma, kiwashio kimeshakuwa chekundu, lakini hakuna kinachodondoka kwenye chungu cha moto. Baada ya muda jiko linajizima lenyewe na nyumba inaanza kupoa. Kwa kuwa kazi ya kushusha peleti ni ya parafujo inayozungushwa na mota, watu wengi humtafuta mchawi papo hapo: mota imekufa, inunuliwe nyingine. Makala hii inatetea mtazamo tofauti. Jiko lisilolisha, mara nyingi, halijavunjika. Limekataa kulisha, na limekatazwa ama na hali ya peleti zenyewe, ama na upungufu wa hewa, ama na swichi iliyowekwa makusudi ili kulinda nyumba. Mota ni mshitakiwa wa mwisho, na anayeanza naye hulipa gharama ya kifaa kipya kisha hukuta tatizo lipo pale pale.

Msomaji wa Mwanza au Mombasa anahitaji kutambulishwa kwanza, maana jiko hili halipikiwi ugali. Ni la kupashia nyumba joto. Lilianza kuingia majumbani kaskazini-magharibi mwa Marekani katika miaka ya 1980, na jina linalotajwa sana katika historia yake ni la Jerry Whitfield, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing. Misukosuko ya bei ya mafuta ya miaka ya 1970 ilikuwa imewafanya watu watafute nishati nyingine, na viwanda vya mbao vya eneo lile vilikuwa na maranda tele ya kutupwa. Leo majiko haya yameenea Marekani, Kanada na Ulaya, hasa Italia. Kwa wasemaji wa Kiswahili suala hili haliko mbali tena: familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimehamia miji ya baridi kali kama Portland katika jimbo la Maine, Concord huko New Hampshire, Boise huko Idaho na Missoula huko Montana, na katika majimbo hayo kukuta jiko la peleti sebuleni si ajabu.

Peleti ni vijiti vifupi vya vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa kwa nguvu kubwa kupitia matundu ya chuma. Unene wake ni takriban milimita 6. Hakuna gundi inayohitajika, kwa sababu joto la kushindiliwa hulainisha lignini, dutu ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, nayo ikipoa hukaza kila kitu. Peleti hukaa kwenye tangi nyuma ya jiko. Chini ya tangi kuna parafujo ndefu ndani ya bomba, ambayo katika mifano mingi imelala kwa mshazari: inazichota peleti, inazipandisha, kisha zinadondoka kwa mteremko hadi kwenye chungu cha moto. Ipo mifano mingine inayozisukuma kutoka ubavuni au chini. Mota ya parafujo hiyo hupunguzwa kasi kwa gia hadi ikazunguka mara chache tu kwa dakika, na hata hivyo haizunguki mfululizo. Sakiti ya jiko huiwasha kwa sekunde kadhaa, ikaipumzisha, ikaiwasha tena. Ukipandisha joto unarefusha zamu za kazi na kufupisha za mapumziko. Kwa hiyo anayechungulia na kuiona parafujo imesimama asihukumu mapema. Huenda amekuta zamu ya kupumzika.

Utaratibu huo una tokeo moja linaloeleza kwa nini kasoro ndogo ya ulishaji huonekana kama msiba. Jiko la magogo lina akiba ndani yake: gogo lililowekwa jioni linaweza kufuka hadi usiku wa manane. Jiko la peleti halina akiba hiyo. Kilo moja ya peleti ina nishati ya karibu kilowati-saa 4.8, na kilichomo kwenye chungu cha moto wakati wowote ni kiasi cha konzi moja au mbili. Parafujo ikisita kwa dakika chache tu, moto unakufa. Ndiyo maana matatizo ya asili tofauti kabisa huishia kwenye dalili moja, yaani chungu kitupu na jiko lililozima, na ndiyo maana dalili hiyo peke yake haimtaji mkosaji.

Mshukiwa wa kwanza anapaswa kuwa peleti. Zinaonekana zote sawa ndani ya mfuko, lakini viwango vya ubora vinaonyesha jinsi tofauti ndogo zinavyohesabiwa. Chini ya kiwango cha Ulaya cha ENplus, daraja la A1, majivu hayapaswi kuzidi asilimia 0.7, unyevu asilimia 10, na urefu wa peleti milimita 40, isipokuwa chache sana. Peleti za daraja la juu huko Marekani huruhusiwa majivu hadi asilimia 1 na unyevu hadi asilimia 8. Pande zote mbili hukubaliana kwamba vumbi ndani ya mfuko lisizidi asilimia 0.5. Nusu ya asilimia inaonekana si kitu, lakini ipigiwe hesabu. Mfuko wa Marekani una kilo 18, hivyo unaweza kuwa na gramu 90 za vumbi na bado ukaitwa bora. Nyumba ikichoma mifuko 100 katika msimu wa baridi, kilo 9 za vumbi hupita kwenye tangi. Vumbi hilo halishuki vizuri kama peleti. Linajikusanya pembeni na chini ya tangi, linashindiliwa kuzunguka parafujo, na siku moja linaziba mdomo wake.

Aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya kusaga unga anaujua mchezo huu. Mahindi yenye unyevu hukaa kwenye mdomo wa mashine yakajenga daraja, chini kukawa wazi na juu kumejaa, mpaka mwenye mashine ayachokonoe kwa kijiti. Peleti hufanya hivyo hivyo. Zilizo ndefu kupita kiasi hulala kukingama juu ya parafujo na kuzizuia nyingine. Mtazamaji anaona tangi limejaa, kumbe parafujo inazunguka ndani ya pango tupu. Zilizolowa ni balaa kubwa zaidi. Maji hufungua kile ambacho joto na mgandamizo vilikifunga, peleti zinavimba na kurudi kuwa vumbi la mbao, vumbi hilo linajaa ndani ya bomba na kukauka likawa gumu. Hapo mota huguna, hutikisika, huenda hata ikarudi nyuma kidogo kila inapojaribu kusogea. Mifuko mingi ina vitundu vidogo vya kutolea hewa, kwa hiyo kuiweka moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji ya gereji ni kuualika unyevu. Iwekwe juu ya mbao, mahali pakavu. Na tangi lililoachwa likaisha kabisa lina hila yake: bomba la parafujo nalo limebaki tupu, na huchukua dakika kadhaa kujaa tena kabla peleti ya kwanza haijadondoka. Jiko linaweza kujaribu kuwaka likashindwa mara ya kwanza bila kuwa na ubovu wowote.

Mshukiwa wa pili ni hewa, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu hawaoni uhusiano wa hewa na parafujo. Uhusiano huo umejengwa ndani ya jiko kwa makusudi. Feni ya moshi hufyonza hewa kutoka kwenye chumba cha moto na kuisukuma nje kupitia dohani, hivyo shinikizo la hewa ndani ya jiko linakuwa chini kidogo kuliko la sebuleni, na tofauti hiyo ndiyo mvuto. Swichi moja, iliyounganishwa na mpira mwembamba, huupima mvuto huo. Ukiwepo, umeme unaruhusiwa kwenda kwenye mota ya parafujo. Usipokuwepo, umeme unakatwa. Mantiki yake haina dosari: kama moshi hauna njia ya kutoka, kuongeza kuni ni kuongeza hatari. Lakini kinachopimwa ni kidogo mno, makumi machache tu ya paskali, ilhali shinikizo la hewa tunayovuta kila siku ni karibu paskali 100,000. Kipimo chembamba namna hiyo kinavurugwa na mambo madogo: gasketi ya mlango iliyolika, droo ya majivu ambayo haikufungwa sawasawa, mpira wa swichi uliopasuka, au tundu lake lililozibwa na majivu.

Majivu yenyewe yanastahili hesabu yake. Peleti zenye asilimia 1 ya majivu huacha gramu 180 kwa kila mfuko wa kilo 18, na mifuko 100 huacha kilo 18, uzito wa mfuko mzima. Sehemu kubwa huangukia kwenye droo, ila majivu mepesi hupeperuka na kutua nyuma ya bamba za chumba cha moto, kwenye mapito ya moshi, juu ya mapanga ya feni na kwenye kona za dohani. Huko hayaonekani. Kadiri mapito yanavyofinyika ndivyo mvuto unavyopungua, mpaka siku swichi inapokata umeme wa parafujo. Kiota cha ndege kwenye mdomo wa dohani kinaweza kuleta matokeo hayo hayo, na hata feni yenye nguvu ya jikoni katika nyumba iliyozibwa vizuri dhidi ya baridi, maana inagombania hewa na jiko. Upungufu wa hewa pia una uso wa pili unaofanana na kinyume cha kutolisha: chungu kinafurika peleti ambazo hazijaungua, mwali unakuwa mrefu, mzito, wa rangi ya machungwa, na kioo kinapakwa masizi. Mwenye nyumba husema jiko linalisha kupita kiasi, ilhali ulishaji ni ule ule; hewa ndiyo haitoshi kuchoma kilicholetwa, mara nyingi kwa sababu vitundu vya chungu vimezibwa na majivu yaliyoyeyuka na kuganda kama mawe. Tangu Mei 2020, jiko jipya la peleti haliruhusiwi kuuzwa Marekani kama linatoa zaidi ya gramu 2 za chembechembe za moshi kwa saa. Usafi wa kiwango hicho hauwezekani bila uwiano makini wa hewa na peleti, ndiyo maana jiko haliwezi kuvumilia uchafu ambao jiko la magogo lingeuvumilia.

Swichi ya mvuto haiko peke yake. Katika mifano mingi umeme wa mota ya parafujo hutegemea walinzi kadhaa, na mmoja akikataa hakuna kinachozunguka. Mmoja huangalia kama kifuniko cha tangi kimefungwa. Mwingine hukata umeme jiko likipata joto kupita kiasi, ili moto usirudi nyuma kupitia bomba la parafujo hadi kwenye tangi. Katika baadhi ya majiko huyu hubaki amekata mpaka kitufe chake kibonyezwe kwa mkono. Wa tatu hukaa kwenye njia ya moshi kushuhudia kwamba moto kweli umewaka, na wakati wa kuwasha hupewa muhula kabla ya kutakiwa kutoa ushahidi. Kutokana na mpangilio huo, saa inakuwa shahidi mzuri. Jiko lisilolisha hata mara moja tangu kuwashwa linaelekeza kwenye kifuniko, mvuto, kitufe cha joto au fyuzi. Jiko linalolisha, likawaka, kisha likaacha baada ya robo saa hivi linaelekeza kwenye mlinzi wa moto au kwenye mwali dhaifu usiompa joto la kutosha. Jiko linalolisha kwa kurukaruka linaelekeza kwenye daraja la peleti ndani ya tangi. Na lile linalogoma siku za upepo tu linaelekeza kwenye dohani.

Ukiyaunganisha haya, uchunguzi unapata mpangilio wa maswali matatu. Je, mota inazunguka? Kama haizunguki wala haiguni, tafuta umeme ulikokatwa, na anza na usafi wa mapito ya hewa. Kama inaguna bila kusogea, parafujo imekwama: kuna peleti zilizovimba, vumbi lililoshindiliwa, au hata kipande cha plastiki au msumari uliokuja na mfuko. Swali la pili: mota ikizunguka, je, parafujo inazunguka nayo? Zimeshikana kwa skrubu ndogo au pini, na ikikatika au kulegea mota huzunguka peke yake kwa sauti nzuri kabisa ya kudanganya. Swali la tatu: parafujo ikizunguka, je, peleti zinaingia? Hapo jibu liko ndani ya tangi. Majibu mengi ya maswali haya hupatikana kwa macho na masikio. Kazi ya mikono ifanyike jiko likiwa limepoa na waya umechomolewa ukutani, kwa kuwa parafujo yenye gia ina nguvu ya kukata kidole, na majivu yanayoonekana baridi yanaweza kuficha kaa la moto kwa saa nyingi na kuunguza mashine ya kufyonzea vumbi.

Kuna pingamizi la haki hapa: mota hufa kweli. Meno ya gia hulika, vilainishi hukauka, waya za ndani huungua. Hilo halina ubishi, na jiko lililofanya kazi misimu mingi lina haki ya kudai mota mpya. Lakini hata kifo hicho kina sababu yake. Mota iliyoungua baada ya kupambana kwa wiki kadhaa na parafujo iliyojaa vumbi gumu imeuawa na vumbi. Mpya ikifungwa pale pale itafuata njia ile ile. Tena kuithibitisha ni rahisi: fundi mwenye mita ya umeme huangalia kama umeme unafika kwenye waya za mota wakati wa zamu yake. Ukifika na mota isisogee ilhali parafujo iko huru, basi mota na ihukumiwe. Usipofika, haina kosa. Kipimo hicho ni cha dakika chache, na anayekiruka ananunua kifaa kwa kubahatisha.

Pingamizi la pili ni la hatari zaidi. Baadhi ya watu huunganisha waya mbili za swichi ya mvuto moja kwa moja, jiko likalisha, wakahitimisha kwamba swichi ndiyo mbovu. Hitimisho halifuati. Swichi iliyokata umeme kwa haki na swichi iliyokufa hutoa jibu moja katika jaribio hilo: zote mbili zikirukwa, mota inazunguka. Kilichothibitishwa ni kwamba umeme ulikatiwa pale, basi. Bado haijajulikana kama ulikatwa kwa kosa au kwa sababu hakukuwa na mvuto. Fundi anaweza kufanya hivyo kwa sekunde chache ili kupunguza washukiwa, halafu akaupima mvuto wenyewe. Kuliacha jiko likifanya kazi hivyo ni jambo jingine. Peleti zitaendelea kushuka hata dohani ikiwa imeziba, na moshi utakaorudi ndani hubeba kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Nyumba yenye jiko la aina hii iwe na king'ora cha gesi hiyo, na swichi zake zisirukwe kamwe.

Wapo pia watakaosema kwamba majiko ya kisasa huonyesha namba ya hitilafu kwenye kioo, hivyo hakuna haja ya kufikiri sana. Namba hiyo ni msaada, lakini inataja mahali ulishaji ulipokatizwa, haisemi kwa nini. Jiko likitangaza kwamba mvuto hautoshi, bado linaacha mezani gasketi, mpira, majivu, feni, dohani na upepo. Wengine watasema walilisafisha juzi tu. Swali ni walisafisha wapi, kwa maana kufuta kioo na kumwaga droo hakugusi majivu yaliyo nyuma ya bamba wala kwenye feni. Na wapo wanaotetea peleti za bei ya chini kwa hoja kwamba kuni ni kuni. Hoja yao ina uzito pale ambapo peleti hizo ni kavu na hazina vumbi jingi. Bei peke yake haithibitishi ubora wala ubovu. Njia ya kuamua ni kuangalia chini ya mfuko ulioisha kuna vumbi kiasi gani, na baada ya mifuko michache majivu yameongezeka kiasi gani. Zikihitaji usafi mara mbili, punguzo la bei limeshalipwa kwa jasho.

Kwa mpangaji, ambaye jiko si lake na hana ruhusa ya kulifungua, maarifa haya hayapungui thamani. Kuchagua mfuko mkavu, kuondoa vumbi chini ya tangi, kumwaga majivu na kuhakikisha milango imefungwa ni kazi zisizohitaji bisibisi, na kila moja inaliondolea jiko sababu ya kugoma. Yakimshinda, ampigie mwenye nyumba au fundi akiwa na ushahidi mkononi: jiko liliacha kulisha dakika ya ngapi, mota ilisikika au haikusikika, mwali ulikuwa na rangi gani, peleti zilibadilishwa lini. Fundi aliyepewa majibu hayo hufika akijua pa kuanzia. Aliyeambiwa tu kwamba mota imekufa huja na mota, na mteja ndiye atakayelipa bili yake hata kama kilichozuia peleti kilikuwa ni majivu ya wiki tatu.